Vitambaa vya Bibi

Mtaa wa madobi
Jumanne, 5 Februari

Bibi, shikamoo.

Nimefika. Usiwe na wasiwasi, na kama unao, basi kaa nao kidogo, maana mimi nilikuwa nao njia nzima. Mlango wa buluu nimeuona kama ulivyonielekeza, nyumba ya mwisho kabla ya karakana ya magari. Nikabisha. Akafungua mama mmoja mnene, mikono imechujuka kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nikamwambia yale uliyonifundisha: sina mtu, natafuta kazi, nakula kidogo. Akanitazama mikono kwanza, uso baadaye. Kisha akasema niingie upesi nifunge mlango, vumbi linaharibu mashuka. Basi. Nilikuwa nimejiandalia uongo wa kutosha mwezi mzima, na wote umebaki haujatumika.

Watu wanamwita Mama Dobi. Jina lako sijalitaja, kwa sababu ya ule ugomvi wenu wa zamani uliosema. Ana chumba cha mbele chenye meza ndefu ya kupigia pasi, imeungua ungua kila mahali, na uani kuna matangi ya saruji na kamba zinazokatiza kila upande, ukitembea bila kuangalia unapigwa kofi na suruali ya mtu. Nalala chini ya meza, juu ya mafurushi. Joto la pasi za mkaa linabaki kwenye mbao, kwa hiyo baridi hakuna.

Sasa niambie, Mama amesema nini? Aliporudi kutoka kwenye tanuri la mikate akakuta sipo, alilia? Usinifiche. Mimi bado naliona lile sanduku alilonifungia chini ya kitanda chake. Kama usingeniambia kwamba ananipeleka kuwa mtumishi kwa watu baki, ningeenda kimya kimya kama kuku anayepelekwa sokoni. Mama gani anamfungia mtoto wake sanduku kwa siri? Nina hasira naye.

Na wewe, ulivyoniachia lango wazi mchana ule ukajifanya umelala kibarazani, nilitaka kucheka. Hujui kujifanya umelala, Bibi. Unafumba macho mno.

Barua hii nampa muuza sabuni. Anasema anapita huko kwetu na huku pia, na kwamba maneno ya watu si mzigo, sabuni ndiyo mzigo.

Mjukuu wako,
Kijiti


Nyumbani
Alhamisi, 14 Februari

Marahaba, mke mwenzangu.

Anayeandika hapa ni muuza sabuni. Mimi nasema, yeye anaandika, maana vidole vyangu unavijua vilivyojikunja. Hata kalamu inavicheka. (Mimi muuza sabuni naongeza: chai amenikaribisha kwa viganja viwili, na nusu yake imenimwagikia. Lakini ilikuwa chai nzuri.)

Nimefurahi umefika. Mtoto wa kike mwenye akili hasubiri afungwe kamba, anaondoka na miguu yake. Umefanya vizuri na mimi ndiye shahidi.

Kuhusu mama yako, umesema nisikufiche. Basi sikufichi. Alirudi, akavua kilemba, akala, akalala. Hajakuulizia. Nilingoja aulize nikachoka kungoja. Usimlaumu sana, kuna watu Mungu amewapa moyo mdogo, wanautumia kwa kujibana. Wewe una mimi.

Barua hii nimeifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nakuomba ukinyooshe, lakini usitie pasi. Kitandaze mezani, upitishe kiganja taratibu, na unifikirie mimi. Kwa mtu mzee aliye mbali na mjukuu wake, hiyo ni sawa na kushikwa mkono. Ukimaliza mpe muuza sabuni anirudishie.

Bibi yako


Mtaa wa madobi
Jumanne, 26 Februari

Bibi, shikamoo, na ukae chini kabisa kabla hujasomewa hii.

Kitambaa chako nimekinyoosha. Kwa mkono, kama ulivyosema. Nilikuwa nakufikiria unavyokula chungwa, unavyonilazimisha nikumenyee kisha unadai nimekula nusu. Nikapitisha kiganja, na kitambaa kikanyooka, Bibi. Pale mkono ulipopita kililala kikatulia, laini kama kimetoka dukani. Pasi ilikuwa bado haina hata mkaa.

Nikadhani ni macho yangu. Nikachukua shati la mwalimu fulani, lilikuwa limefinyangwa kama karatasi ya kufungia karanga. Nikapitisha mkono, likanyooka. Nikachukua beseni lililobonyea, nikalipapasa, likasema "pwaa" likarudi kuwa duara. Mama Dobi alikuwa mlangoni anaangalia. Hakushangaa. Alisema tu, "Haya, imekuja," akaenda kuanika.

Lakini hiyo si yote. Kinachonyooka si nguo peke yake. Askari wa njia panda, yule anayefokea kila mtu, alichukua sare yake niliyoinyoosha mimi. Siku hiyo akawa anatabasamu, akaruhusu magari ya pande zote yapite kwa pamoja, na foleni ikafika mpaka sokoni. Hakuna aliyepita, lakini hakuna aliyetukanwa. Kuna mafundi wawili hapo karakana, ndugu wa tumbo moja, tangu mazishi ya baba yao hawasemezani. Nikanyoosha ovaroli zao. Jioni nikawakuta wamekaa kwenye tairi moja wanagombea spana kwa kucheka. Sasa watu wanaleta nguo hata ambazo ni safi.

Nafurahi mpaka naogopa. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuvunja vikombe. Hapa naambiwa nina mkono.

Kitu kimoja tu. Kila nikinyoosha nguo ya mtu, unanitokea mstari kiganjani, kama mkunjo mdogo. Nikilala, asubuhi umepotea. Lakini mistari iliyotokana na kitambaa chako haijapotea. Ni mirefu, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinakaza. Je, nimekosea namna ya kufanya?

Mama ameuliza?

Mjukuu wako mwenye mkono,
Kijiti


Nyumbani
Ijumaa, 8 Machi

Marahaba, mjukuu wangu mwenye mkono.

Nimesomewa barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa masikio, ya pili kwa moyo. (Muuza sabuni: mara tatu. Ya tatu alinisimamisha pale pa kidole.) Karama hiyo mimi sijui imetoka wapi, lakini mtu akipewa embe haulizi mti. Itumie.

Hiyo mistari isikutishe. Kuna mfuaji gani asiye na mistari? Osha kwa maji baridi asubuhi, usimwonyeshe mtu, na usimsumbue Mama Dobi kwa maswali, ni mtu wa hasira. Hukukosea kitu. Ulifanya vizuri sana.

Nakutumia vitambaa vingine viwili na kanga yangu ya kulalia. Vinyooshe namna ileile, ukinifikiria. Nilipokivaa kile cha kwanza nililala usingizi wa mtoto mchanga.

Mama yako hajauliza. Niliwahi kulitaja jina lako mezani akaomba chumvi.

Mstari huu wa mwisho naandika mwenyewe. Tazama, mke mwenzangu. Mwenyewe.

Bibi yako


Mtaa wa madobi
Jumatano, 20 Machi

Bibi, shikamoo!

Umeandika mwenyewe! Nimeuona mwandiko wako nikarukaruka mpaka nikaangusha kamba yenye mashuka ya nyumba ya wageni, yakafuliwa upya yote, na Mama Dobi hakunisemesha mpaka jioni. Sikujali. Herufi zako zimelala upande kama zimelewa, lakini ni zako.

Vitambaa na kanga nimevinyoosha vyote. Nilifanya polepole ili nikufikirie zaidi.

Samahani kwa mwandiko wangu, mkono wa kulia umeamua kuwa mbishi. Vidole viwili havifunguki tena na cha kati kimeanza kuwafuata wenzake. Nimeosha kwa maji baridi kila asubuhi kama ulivyosema. Nguo za watu sasa nazinyoosha kwa mkono wa kushoto. Vibanio vya nguo vinanishinda, navifungua kwa meno, na watoto wa mtaani wameanza kuniita Panya.

Jana Mama Dobi aliushika mkono wangu akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akauliza, "Ulikubali kweli, mwanangu? Kwa hiari yako?" Nikadhani anaulizia kazi. Nikamwambia ndiyo, nilikubali, na nimefurahi kukubali. Akaniachia mkono, akaenda kupika, na sahani yangu ikawa na nyama kuliko yake.

Leo Mama simuulizii. Naona aibu kuuliza kila mara kama mtu anayedai. Lakini akiuliza yeye, utaniambia?

Mjukuu wako,
Kijiti


Nyumbani
Ijumaa, 29 Machi

Mke mwenzangu mpenzi,

Barua yote hii ni ya mkono wangu! Muuza sabuni nimemwambia akauze sabuni. Alinuna, nadhani alizoea chai.

Ungeniona. Nimetunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Nimekanda unga. Nimemenya chungwa nikalila lote peke yangu, bila kugawana na mjukuu mwizi. Jana nilisimama kisimani nikajaza ndoo, nikaishika mshikio, nikaibeba, na majirani wakanikodolea macho. Hujui ni kitu gani mtu kupewa tena mikono yake. Nilisahau mimi ni nani, sasa nakumbuka.

Vidole vyako vitafunguka vyenyewe, wewe bado mbichi. Vumilia. Mvumilivu hula mbivu.

Nakutumia shuka langu. Najua ni kubwa. Lifanye kidogo kidogo, mkono wa kushoto si bado mzima? Baada ya hilo nitakutumia kitambaa kimoja tu, cha mwisho, na sitakuomba tena.

Usingoje mama yako aulize. Ameanza kusema kitanda chako akipangishe.

Bibi yako anayekupenda


Njiani
Jumamosi, 6 Aprili

Binti,

Salamu. Hii si barua ya bibi yako. Ni yangu mimi muuza sabuni, na kwa mara ya kwanza naandika maneno yangu mwenyewe, kwa hiyo nivumilie yakikaa vibaya.

Mimi si mtu wa kuingilia ya watu. Ukiuza sabuni nyumba hadi nyumba unajua siri nyingi za nguo za watu, na biashara inakaa kwa sababu unanyamaza. Lakini jambo hili limenikaba.

Jumatatu nilipeleka miche ya sabuni kwenye duka la mikate karibu na kwenu. Kaunta wamebandika picha ya mtoto, imechorwa kwa kalamu, si nzuri sana, lakini masikio yale ni yako. Nikauliza huyu nani. Wakaniita mwanamke mmoja kutoka nyuma kwenye tanuri. Akatoka mbio na unga mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza kama mimi ni msafiri, nimepita wapi, na kama nimemwona. Anamuuliza kila dereva, kila mchuuzi, kila mtu mwenye begi. Wenzake wanasema tangu umepotea hajala mkate hata mmoja wa aliyooka mwenyewe.

Mkono wangu huu, binti, ndio ulioandika kwamba mama yako hajakuulizia. Niliandika kama nilivyoambiwa, na nilimchukia mwanamke nisiyemjua.

Sikumwambia chochote, kwa sababu sijui kisa chenu na niliogopa kuharibu. Nimeona nikuambie wewe kwanza. Na kingine: mikono ya bibi yako imefunguka. Yako niliiona wiki iliyopita uliponipa lile shuka, ulilisukuma kwa viwiko. Mimi sikusoma sana, lakini hesabu ya kutoa huku na kujumlisha kule naijua, ndiyo ninayokula.

Ukitaka kumwandikia mama yako nitaipeleka, na sitaipitisha kibarazani.

Muuza sabuni


Mtaa wa madobi
Jumatatu, 8 Aprili

Mama,

Anayeandika ni dobi ninayekaa kwake, kwa sababu mimi siwezi tena kushika kalamu.

Nimeambiwa unanitafuta. Nilikuwa nimeambiwa hunitafuti. Sijui nimwamini nani, kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja. Lile sanduku ulilonifungia chini ya kitanda chako lilikuwa na nini ndani, na ulikuwa unanipeleka wapi?

Ukisema uongo nitajua. Siku hizi najua.

Kijiti


Nyumbani
Alhamisi, 11 Aprili

Mwanangu,

Muuza sabuni amekaa mlangoni anasubiri.

Sanduku lina sketi mbili za shule, viatu vyeusi vyenye nambari moja zaidi ili uvivae mwaka ujao, taulo, madaftari, na lile blanketi lenye miraba ulilokuwa ukilivuta sokoni mpaka tukafukuzwa. Ulikuwa umepata nafasi kwenye shule ya bweni. Sikukuambia kwa sababu walisema nafasi bado haijathibitishwa, na mara mbili tayari nilishakuahidi vitu vikashindikana, nikaona uso wako. Nilitaka safari hii nikuambie viatu vikiwa miguuni. Kosa langu ni hilo, na nalijutia kila ninapoamka.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Nilimwambia mama yangu mzazi.

Ulipopotea nilitafuta mitoni na hospitalini. Bibi yako aliniambia alikusikia ukisema hutaki kuniona tena maisha yako yote. Nililia kwenye mapaja yake. Alikuwa ananikanda mgongo, Kijiti, usiku hadi usiku, na mimi nikajisemea, afadhali hata katika msiba huu mikono ya mama imepata nguvu. Nikamshukuru Mungu kwa mikono ile.

Nakuja. Barua hii ikikufikia asubuhi, mimi nitafika jioni. Usitoke hapo ulipo.

Mama yako


Mtaa wa madobi
Jumanne, 16 Aprili

Bibi,

Mwandiko huu ni wa Mama. Yuko hapa. Ananiandikia kila neno ninalosema, nimemwapisha asipunguze wala asiongeze, hata nikikutukana. Kwa hiyo shikamoo, kwanza.

Kitambaa chako cha mwisho kimefika. Sijakinyoosha.

Mama Dobi ametuambia yote. Alikuwa akilia na kupiga pasi kwa pamoja, akaunguza pazia la watu. Anasema ulifanya kazi kwenye meza hii ulipokuwa msichana, na mkono huu ulikuwa nao wewe kabla yangu. Ulinyoosha mtaa mzima mpaka mikunjo ya watu ikakujaa, ikaacha kuondoka. Anasema mikunjo ya mtu mwenye mkono huu haifutiki, inahama tu. Na haihami ila kwa mwingine mwenye mkono kama huo, anayenyoosha kwa hiari, huku anakufikiria kwa mapenzi. Ndiyo maana kila mara uliniambia nikufikirie.

Anasema ulimtumia ujumbe kwa mdomo wa dereva kabla sijafika. Ulimwambia mjukuu wako anakuja, anajua kila kitu na amekubali, ila anaona haya, asizungumzwe. Aliponiuliza kama nimekubali, mimi nikajibu ndiyo. Nimejiuza mwenyewe kwa neno moja, na bei sikuijua.

Nilidhani nimetoroka, Bibi. Kumbe nimetumwa, kama furushi la nguo chafu.

Mikono si kitu kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni "aliomba chumvi". Nililala chini ya meza hii nikimchukia Mama kwa ajili ya chumvi ile. Ulikaa ukaibuni, ukamwambia muuza sabuni aiandike, ukanywa chai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikakivaa, nikakinyoosha, nikakirudisha na salamu.

Mama Dobi anasema njia ya kukurudishia ipo, na kwamba unaijua kuliko yeye, wewe ndiye uliyemfundisha. Nishike kitambaa chako kikiwa kikavu, nikikamue. Kikitoa maji, kila mkunjo umerudi kwako. Vidole vyangu havifunguki lakini kushika vinashika, wakinipachika kitambaa ndani ya ngumi. Mama akashika upande mmoja, nikakamua. Nilikuwa na hasira ya kuweza kukamua jiwe. Hakikutoa hata tone. Mama Dobi akasema hakitatoa. Hakikamuliki kwa mtu ambaye bado anampenda mwenye kitambaa.

Kwa hiyo ndivyo nilivyo. Nimekaa na ngumi mbili, nalishwa na mama yangu kwa kijiko, na bado nakupenda, na hilo linanitia hasira kuliko yote.

Nataka ukweli mmoja tu kutoka kwako. Siku ile mchana uliponiachia lango, ukafumba macho, ukanisikia nikipita mbele yako na kifurushi changu, ulilia? Hata kidogo, hata baadaye? Mikono unayo sasa. Nijibu mwenyewe.

Mjukuu wako,
Kijiti


Nyumbani
Jumamosi, 20 Aprili

Kijiti,

Umeuliza, nakujibu.

Sikulia. Ulipopita nilihesabu nyayo zako mpaka zikaisha, kisha nikafungua macho nikaenda jikoni kuchemsha maji. Nilikuwa nafikiria nitakavyoshika kikombe.

Tangu ulipokuwa unatambaa nilikuwa naangalia mikono yako, uso wako sikuutazama sana. Hadithi nilizokusimulia, machungwa tuliyogawana, utani wote ule, ilikuwa kazi. Mtu anayefuga anajua analisha kwa ajili ya nini. Nilihitaji unipende, na wewe ulikuwa mwepesi. Ungekuwa mtoto mwingine mwenye mkono huo ningemlisha yeye.

Nikikaa hapa kibarazani sikukumbuki. Nakumbuka tu kwamba kuna kitambaa hakijarudi.

Usiniandikie tena barua za kuomba mapenzi. Sina.

Mimi


Njiani
Jumamosi hiyohiyo

Mama Kijiti,

Hii ni yako peke yako. Nimeikunja ndani ya gazeti la kufungia sabuni ili mtoto asiione.

Nilikuwepo mama yako alipoandika hiyo barua nyingine niliyokuletea. Aliisoma ya mjukuu wake, akakaa. Akaniomba karatasi. Akaandika, na machozi yakamwangukia wino ukachafuka, akaichana. Akaniomba nyingine, nayo ikalowa. Ya tatu aliandika amenyoosha mikono mbele na kichwa amekiweka nyuma, mbali, kama mtu anayekaanga mafuta yanayoruka, ili isilowane.

Nilikuwa nasoma kwa pembeni, siwezi kujizuia. Nikamwambia, mama, haya si kweli, mbona unaandika hivi? Akasema, "Akinipenda hakitakamulika." Kisha akaweka kalamu chini, akaitazama mikono yake, akaisugua moja kwa nyingine kama mtu anayeaga.

Simtetei. Alichokifanya alikifanya, na nitamkasirikia mpaka nife. Ameniapisha nisimwambie mtoto. Wewe hakukutaja, kwa hiyo nimekuambia. Utakachofanya ni juu yako.

Muuza sabuni


Mtaa wa madobi
Jumanne, 23 Aprili

Bibi,

Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, Mama alinishikia tu karatasi. Nilidhani atasema kitu, lakini hakusema.

Leo asubuhi tumejaribu tena. Kimekamulika. Maji yalitoka mengi mpaka Mama Dobi akaleta beseni, na yalipokwisha vidole vilifunguka kimoja kimoja. Mama alikuwa ameshika upande mwingine wa kitambaa. Alilia sana, sijui kwa nini. Mimi sikulia.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu.

Kijiti